Kitambala ya Kutembea

Ginette, tantine yako Régine amekubali. Bipande yake munane ya kroshe, yote, anakuja nayo yeye mwenyewe toka Kilwa yetu ya pa ziwa, pa juu ya kamiyo ya samaki, na ile miguu yake yenye kuvimba. Alituma sauti mu telefone jana asubuhi. Nilisikiliza mara tatu, nikamupatia papa yako naye asikilize, kiisha nikaenda kuosha masahani. Masahani ilikuwa safi. Niliosha vile vile.

Sasa njo nakusalimia, mutoto wangu. Ni mama njo anaandika, na mukono yake mwenyewe, mu kaye yako ya kazi, nyuma ya kurasa zenye ulichora maua ya kroshe. Mistari itapanda na kushuka, utanisamehe. Masomo yangu iliishia ku ya sita primaire, unajua. Lakini ku ile ya sita nilikuwa wa pili mu darasa yote, na yule wa kwanza alikuwa mutoto wa mwalimu, kwa hiyo tusisemane. Wewe ulikuwa unachekaka: «Mama, wewe hata ukianguka mu matope utasema ulianguka muzuri kupita bengine.» Ni kweli. Naangukaka muzuri.

Naandika juu kuko kintu sijakuambia. Hata pa kaburi sikuisema. Natembea nayo sawa muntu mwenye kubeba mufuko ya bunga pa kichwa, na kila nyumba anafika banamwambia si hapa.

Nianzie mbali kidogo. Ulirudi na homa, na siku ya tatu hakukuwa tena Ginette. Miaka makumi tatu na moja, siku tatu. Ile najua kuisema bila sauti kubadilika, na bantu haibafurahishe. Ku kilio sikutosha machozi. Bamama ya parokia balikuwa bananiangalia chini ya bitambala, banangojea nianguke ili banishike. Sikuanguka. Nilikuwa naangalia kama sukari ya chai iko ya kutosha. Nilisikia moja anasema, «Huyu roho yake ni ya jiwe.» Nikawaza: kumbe njo hii, jiwe. Nikaona ni sawa. Jiwe haiumwe.

Ba kikundi yako ya kroshe balikuja pia. Mbele ya pale sikubajua muzuri, juu mimi hiyo kroshe yako nilikuwa naidharau, na unajua. Kila siku ya Mungu kiisha misa unabeba ule mufuko wako wa majani, unaenda mutaa wa Katuba, mu lupango, kiwanja ya nyumba ya Mama Odette, kukaa na kufunga nyuzi mupaka jua inashuka. Nilikuwa nakuambia, «Mutoto iko na diploma, iko na kazi mu farmasi, saa ya kutafuta bwana iko nafunga nyuzi sawa bibi-kizee.» Wewe unajibu bila kuinua macho: «Mama, mu farmasi natosha dawa, nafunga dawa, natosha dawa. Huku natosha kintu yenye haikukuwako.» Mimi nikasema kama unataka kintu yenye haikuwako, tosha mujukuu. Ulicheka. Ulicheka, lakini uliingia mu chumba mbele ya chakula. Ile nakumbuka.

Pa soko nilikuwa najisifu diploma yako mupaka bauzishaji ba mboga ya lengalenga banajua points zako. Kroshe sikuisema hata mara moja.

Basi kilio ikapita, ikafika siku ya kugawanya bintu yako. Unajua vile tunafanyaka sisi: famille paka, bila mugeni, milango imefungwa, na tantine Régine, sababu ni dada ya papa yako, njo anasimama katikati. Kila muntu abebe kintu, hata kidogo, asirudi mikono mitupu. Na kintu ikishatoka pale, hairudi. Kuilomba tena ni sawa kumwita marehemu asimame aeleze aliachia nani. Bikwembe ikaenda, viatu ikaenda, saa yako ikaenda. Kiisha bantu ilibakia mingi kuliko bintu. Régine akaniangalia. Mimi, mama ya marehemu, nipungukiwe? Sijapungukiwaka. Nikaingia mu chumba, nikatosha ule mufuko wa majani.

Ndani nikakuta bipande ya kroshe. Mingi, Ginette. Kila moja ukubwa wa sahani, rangi ya mukuba, ile shaba nyekundu, na rangi ya malakiti, ile jiwe ya kijani, mukuba katikati, malakiti pembeni. Nikasema moyoni, tazama, alitengeneza bitambala ya kuweka chini ya maua, chini ya televizyo, na hakuniambia. Nikajivuna kidogo. Nikasema kwa sauti, bote basikie: «Oneni mikono ya mutoto wangu.»

Na kenda kati yao ilikuwa imeungana. Tatu kwa tatu, na uzi ya mukuba. Mimi nikaona ni makosa, ama ulikuwa unajaribu kintu. Kenda zikiungana ni kwa muntu moja. Zikiachana ni kwa bantu kenda.

Nikachukua makasi.

Njo ile. Nimeiandika. Mama yako alikaa pa kitanda yako, akakata uzi yenye ulishona, moja kwa moja, sawa muntu anachagula maharagi. Sikusikia kintu. Nilitoka na bipande makumi ine na munane, nikagawanya sawa mutajiri. Régine munane, sababu ni mukubwa. Solange wa Mitwaba ine. Ba Likasi, ba Kamalondo, kila muntu. Papa yako moja, akaiweka chini ya radio yake. Bote bakasema asante, bakasema mutoto wako alikuwa na mikono. Nililala usingizi yenye haina ndoto.

Mwezi moja na nusu kiisha pale, Mama Odette akapiga odi. Alikuja na papa Damien, yule muzee wa treni wa kikundi yako. Sikukuwa najua kama mwanaume naye anashonaka kroshe. Alikaa, akaweka kofia pa goti, akaniambia alijifunza wakati bibi yake wa ndoa alikuwa mugonjwa. Bibi alikuwa anashona, akashindwa kumaliza sweta, akamwambia, maliza wewe. «Miaka makumi tatu nilifunga mawagon, mama. Nyuzi ni kadogo.» Mama Odette akasema, «Asikudanganye, anafunga nyuzi vile vile, ya kwake ukiipiga chini inalia.» Balikuwa bananichekesha polepole, naona sasa, ili bafike ku neno.

Neno ilikuwa hii. Bipande yote haikukuwa yako. Kumi na moja paka njo ilikuwa ya mikono yako. Ingine ilikuwa ya bote: Mama Odette, papa Damien, Sifa mutoto ya Mama Odette, na ba mama wengine batatu ya ile lupango. Kila muntu alitengeneza sita ama saba, bakakuletea wewe, juu kuunga hakuna mwenye aliweza sawa wewe. Na ile kitambala kubwa haikukuwa ya muntu. Ilikuwa ya kutembea. Mwenye kuzaa, inaenda kwake siku saba. Mwenye kugonjwa, siku saba. Mwenye kufiwa, siku saba. Bakasema ni wewe ulileta ile wazo. Ulisema: «Bantu ya hii muji banaleta mukate na sukari, kiisha banaenda. Sisi tuache kintu yenye inabakia pa mabega.»

Bakasema ku kilio balikuja mikono mitupu, bakasikia haya, sababu nyumba ya kwanza ya kufunika ilikuwa nyumba yako mwenyewe. Lakini bantu habalombe kintu ku kilio. Sasa balikuja kulomba mufuko, baunge, banifunike.

Mimi, Ginette, nilibadanganya. Nilisema mufuko utaonekana, niko na nyumba kubwa. Nyumba yetu ya byumba bitatu.

Kiisha kwenda kwao nilianza kupiga telefone. Kwa famille sikusema ukweli pia. Nilisema paka nahitaji bipande irudi, nataka kuweka pamoja ukumbusho. Ba Likasi bakakata telefone. Kamalondo nilienda na miguu, shemeji yangu akanitilia chai, akanionyesha kipande yako chini ya picha ya Bikira Maria, akasema, «Mama Ginette, unataka kufungua kaburi?» Régine toka Kilwa alituma sauti fupi. «Hapana.» Na sawa Régine amesema hapana, bote bakajificha nyuma yake.

Njo pale nikasema, basi nitatengeneza mwenyewe, yote makumi ine na munane, na hakuna atajua. Unaona vile niko. Nikaenda Katuba siku ya Mungu, na ndala mupya, nikamwambia Mama Odette anifundishe, ya kupitisha wakati. Aliingia mu nyumba. Akanipatia sindano yako ya kroshe; ulikuwa umeisahau pale, na alama ya meno yako iko ku mwisho, juu ulikuwa unaiumaka ukihesabu.

Kipande yangu ya kwanza ilifanana na jani ya sombe yenye mbuzi alianza kukula. Papa Damien aliipindua, akaipindua tena, akasema, «Mama, hii inaangalia upande gani?» Bote bakacheka, na mimi nikasema mwalimu ni mubaya. Ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Ya tatu ilikaa sawa kofia. Siku ya Mungu kiisha siku ya Mungu. Nilianza kuenda mbele ya saa. Nilikuwa nafagia ile baraza mbele Mama Odette aamke ku usingizi ya muchana. Hakuna mwenye aliniambia pole. Balikuwa banasema, «Vuta uzi, mama. Si vile. Fumua.» Mu ile neno fumua nilipumzika, sijui kwa nini. Kila pahali ingine bantu balikuwa bananishika mukono sawa yai.

Na siku moja, mu baridi ya mwaka uliopita, uzi ilinikata kidole. Hapa, cha shahada, ile kona yenye inapitaka. Iliuma. Nilikaa nikaangalia kidole. Nikamwambia Sifa, «Inaniuma,» na Sifa akasema, «Ndiyo mama, inaumaka,» akaendelea kushona. Sikulia. Sikudanganye, mupaka leo sijalia. Lakini kile kidole iliuma siku mbili, na mimi nilikuwa naigusa-gusa kuona kama ingali inauma.

Nilifika kipande ya kumi na moja. Ya kumi na moja ilikuwa muzuri, na si mimi paka mwenye kusema. Mama moja wa Karavia alipita kuchukua sweta, akasimama, akauliza ni ya nani. Nikasema yangu, na nikasema mutoto wangu njo alikuwa fundi kuliko bote Katuba, mimi niko nafuata nyuma. Nilisema kwa sauti. Watu bote ya balabala balisikia. Mara ya kwanza nilisema, Ginette. Ulipaswa kusikia ile ungali mu chumba cha pili.

Papa Damien akaweka yangu kumi na moja pa lameza, akaipanga. Kiisha akasema: «Mama, sisi hatuko bajinga. Kama mufuko ungekuwa mu nyumba yako, ungeleta zamani. Hii unatengeneza ni muzuri, lakini ni kitambala ingine. Yetu iko wapi?» Hakusema kwa hasira. Alisema sawa anauliza treni imesimama kituo gani.

Nikabaambia. Famille, kugawanya, Kilwa, Mitwaba, yote. Na makasi. Nilifikiri Mama Odette atasimama. Alichukua kipande yangu moja, akaifuta-futa pa goti. Akasema wewe, Ginette, ukiunga unaachaka mikia ya uzi mirefu nyuma, haukatake, juu unasema uzi fupi inatorokaka. Kwa hiyo zile kenda, popote ziko, zingali na mikia yako. «Tutazijua,» akasema. Kiisha akanituma nilete maji ya chai.

Ile siku njo nilimutumia Régine ukweli. Sauti ndefu. Nikamwambia: dada, nilikupatia kazi ya mikono ya bantu bazima, nikasema ni ya marehemu. Nikamwambia na nilikata. Ulinijua mimi, Ginette: kulomba musamaha kwa Régine, mwenye alisemaka siku ya ndoa yangu kama bukari yenye nilisonga iko na mawe. Nilimutumia. Juma moja, hakuna kintu. Mbili. Mutoto wake akaniambia, mama iko anazunguka mu nyumba na bile bipande mukononi, analala nazo.

Jana njo akajibu. Nakuandikia vile alisema, juu nimeishika yote:

«Kintu ya marehemu hairudi. Ile mimi sivunji, hata uniletee padri. Lakini kazi ya bazima si ya marehemu, na wewe uliniingiza mu uongo. Basi mimi sirudishi kintu. Mimi nakuja. Nakaa pa kiti, miguu yangu haitaki mukeka, nashika bipande yangu pa mapaja, na wewe unashona ikiwa pa mapaja yangu. Ikishaungana, haikutoka kwangu. Na bote bafanye vile. Ambia ba Likasi ni mimi nimesema. Na yule muzee wa treni anitafutie kiti yenye iko na mugongo.»

Saa ya muchana Likasi ilikuwa imekubali. Saa kumi, Kamalondo. Solange wa Mitwaba alisema anakuja na tatu. Ya ine, mutoto wake aliifumua akafungia nywele. Solange alikuwa anaogopa kuniambia, mwaka mzima. Nikamwambia: mwana, mimi nilikata kenda, wewe umepoteza moja, kuja.

Kwa hiyo pahali pa ile moja, tunaweka ya kwangu. Ya kumi na moja, si ya kwanza. Papa Damien anasema ikae pembeni kabisa, juu wagon yenye gurudumu baya inafungwaka nyuma. Mimi nasema ikae katikati. Tungali tunagombana. Zile kumi ingine Mama Odette anasema nifumue, uzi isipotee. Nimezificha chini ya kitanda.

Papa yako nilikuwa nimemuacha mwisho. Ile yake, chini ya radio, hakuna aliigusa toka ile siku. Mimi nikifagia nilikuwa nazunguka. Mara moja nilijaribu kuinua radio kidogo, akasema, «Acha.» Njo neno yake mu juma ile yote. Jana alisikiliza sauti ya dada yake mupaka mwisho, akanirudishia telefone, akaketi. Mimi nilikuwa na masahani yangu. Kiisha nikasikia radio imenyamaza. Niligeuka: aliiinua na mikono mibili, akatosha kipande, akaipiga-piga vumbi pa mulango, akaikunja ine, akaiweka mu mufuko ya shati, ile ya upande wa moyo, ya kalamu. Akarudisha radio pa mbao utupu. Akaiwasha. Inalia tofauti sasa, inatetemesha lameza. Nyuma ya kipande kulikuwa na mikia yako, niliiona ikining'inia ku mufuko. Mirefu.

Basi, mutoto wangu, nikuambie vile itakuwa. Kuunga, hakuna muntu mwengine atashika. Mama Odette alinifundisha mushono wako, wa kupita chini mara mbili, na nimejaribu juu ya zile kumi zenye nimeficha mupaka najua na macho yakifungwa. Nitashona juu ya mikia yako, sitaikata hata moja. Jina lako sitaandika pale, ijapokuwa papa Damien aliuliza, juu kuandika jina haikukuwa wazo yako. Na nikisha kumaliza nitavua bikwembe yangu ya nyeusi, batanifunika, nitalala chini yake siku saba na papa yako.

Kiisha nitaitoa. Hii njo naahidi, na unajua ni ngumu kwangu kuliko kushona. Nitataka kuifungia mu sanduku. Nitatafuta sababu. Nitasema ni baridi, nitasema papa yako anakohoa. Lakini Sifa tumbo yake imeshuka, atazaa mu mwezi wa munane, na siku ya munane nitabeba kitambala mimi mwenyewe mupaka Katuba, na miguu, juu ya kichwa, wazi, bantu ya balabala baione. Na mwenye atauliza, nitamwambia ni ya nani na ni nani aliwaza. Hapo utaniachia nijisifu.

Lala muzuri, Ginette. Sindano yako iko kwangu, siiume, naichunga. Papa yako anakusalimia. Hakusema, lakini anakusalimia. Nikimaliza hapa naenda kutafuta kiti ya tantine yako, yenye mugongo. Batalala Likasi ijumaa, ba Mitwaba na ba Kilwa pamoja, na batafika hapa na bipande yao kesho yake, siku ya posho ya kwanza ya mwezi wa munane, asubuhi, mbele ya misa.